Kusawazisha Rangi za Skrini ya Kompyuta: Mwongozo Kamili kwa Mpiga Picha na Msanifu

Lalamiko linalosikika kuliko yote katika kazi za picha na uchapaji ni kwamba picha ilikuwa safi kwenye kompyuta lakini imetoka na giza kwenye karatasi. Mpiga picha huilaumu printa, mwenye printa huilaumu picha, na mteja huwalaumu wote wawili. Mimi niliyajua hayo kupitia albamu ya harusi ya kurasa 40: ndoa ilifungwa baada tu ya adhuhuri, lakini albamu ilipofika mikononi mwa bibi harusi, kila ukurasa ulionekana kana kwamba shughuli nzima ilifanyika magharibi. Niliichapisha upya kwa gharama yangu, kisha nikaanza kuichunguza skrini niliyokuwa nimeiamini kwa miaka miwili. Printa haikuwa na kosa. Skrini yangu ilikuwa inang'aa zaidi ya mara tatu ya kiwango kinachofaa kazi ya kuchapa, kwa hiyo picha iliyokuwa na mwanga hafifu ndani ya faili ilionekana machoni pangu kuwa na mwanga wa kutosha, nami nikaipitisha.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mwangaza, unafuata na weupe, na kifaa cha kupimia kinakuja mwishoni. Wengi huanza kwa kununua kifaa, hukipachika kwenye skrini iliyo katika chumba kinachopigwa na jua, kisha hushangaa kwa nini matokeo hayaridhishi.

Mambo mawili yanayochanganywa

Kusawazisha skrini ni kuibadilisha ili ifikie viwango ulivyovichagua. Kutengeneza profaili ni kupima namna skrini hiyo inavyoonyesha rangi baada ya kusawazishwa, na kuyaandika matokeo katika faili dogo la ICC ambalo programu kama Photoshop, Lightroom au GIMP hulisoma ili zifidie kasoro zilizobaki. Fikiria mizani ya duka. Fundi anaweza kuirekebisha isome sifuri inapokuwa tupu. Lakini ikibaki inapunja gramu 10 katika kila kilo, muuzaji mwaminifu anayeijua kasoro hiyo ataongeza gramu 10 kwa kila kilo anayopima. Kurudisha sifuri ndiko kusawazisha, na kuijua kasoro na kuifidia ndiyo kazi ya profaili. Kwa sababu hiyo, ukibadilisha mwangaza au rangi kwa vitufe vya skrini baada ya profaili kutengenezwa, profaili hiyo haifai tena, kwa maana inaielezea skrini ambayo haipo.

Viwango vya kulenga

Kwa kazi nyingi lengo ni sRGB, mfumo wa rangi uliobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kupitishwa na IEC, shirika la kimataifa la viwango vya vifaa vya umeme, kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Weupe wake huitwa D65, nao unakaribia mwanga wa mchana wenye joto la rangi la Kelvini 6500. Gama yake ni takribani 2.2, gama ndiyo inayoamua rangi za kati, zile zilizo baina ya nyeusi tii na nyeupe pee, zionekane na mwanga kiasi gani. Kipimo cha Kelvini huwachanganya watu kwa kuwa kinakwenda kinyume na mazoea: namba ikipanda, weupe huelekea kwenye bluu tunayoiona kuwa ya baridi, na ikishuka huelekea kwenye manjano ya mwanga wa kibatari.

Kwa mwangaza, kazi inayokwenda kuchapwa inahitaji kandela (kipimo cha mwanga) 80 hadi 120 kwa mita ya mraba. Mimi hutumia 100. Skrini nyingi za ofisini hutoka kiwandani zikiwa na 250 au zaidi, kwa sababu dukani ile inayong'aa sana ndiyo inayonunuliwa. Wahariri wa video hulenga Rec. 709, kiwango cha rangi za televisheni ya HD, yenye weupe uleule wa D65, na katika chumba chenye mwanga hafifu hutumia gama ya 2.4.

Jambo moja lisemwe mapema ili mtu asipoteze muda wake. Kompyuta nyingi za mkononi za bei nafuu zina kioo kinachoweza kuonyesha sehemu tu ya rangi za sRGB, na zile zenye kioo cha aina ya TN hubadilika rangi ukiinua au kuinamisha kichwa kidogo. Kusawazisha hakuwezi kuongeza rangi ambayo kioo hakina. Ikiwa hiyo ndiyo kompyuta uliyo nayo, iunganishe na monita ya nje ya aina ya IPS, ambayo rangi zake hazibadiliki sana ukiitazama kwa pembeni, hata iliyotumika, na usawazishe monita hiyo.

Chumba

Mwanga wa chumba usibadilike kila saa. Skrini inayoelekea dirisha hupauka weusi wake kwa sababu jua linaakisiwa kwenye kioo. Dirisha likiwa nyuma ya skrini, macho yako hujirekebisha kwa ajili ya mwanga wa nje na skrini huonekana hafifu. Kwa hiyo iweke ubavuni mwa dirisha na ufunge pazia zito lisilo na rangi kali. Siku ya kusawazisha vaa nguo ya kijivu au nyeusi, kwani shati jekundu huonekana kwenye kioo kama ukungu mwekundu hata usipolitambua. Unaponunua balbu za LED, tafuta kwenye boksi namba ya Ra, inayoonyesha balbu inaonyesha rangi kwa uaminifu kiasi gani; 90 na kuendelea inafaa. Picha ya eneokazi iwe ya kijivu tupu. Najua haipendezi.

Kuiandaa skrini

Iwashe na uiache ikifanya kazi kwa dakika 30 kabla ya kugusa chochote, kwa sababu taa ya nyuma hubadilika mwanga na rangi inapopata moto. Umeme ukikatika katikati, subiri upya.

Fungua menyu ya skrini yenyewe, ile inayofunguliwa kwa vitufe vya pembeni au chini ya fremu, na urudishe mipangilio ya kiwandani. Kisha zima kila kinachoibadilisha picha bila ruhusa yako: kontrasti inayojibadilisha, hali ya kuokoa umeme, kihisi cha mwanga wa chumba, na zile hali za sinema na michezo. Upande wa kompyuta, zima mwanga wa usiku unaoipa skrini rangi ya manjano jioni, na kwenye kompyuta za Apple zima True Tone, inayobadilisha weupe kufuata mwanga wa chumba. Tumia rezolusheni asilia ya skrini.

Ikiwa umeunganisha kwa waya wa HDMI, kagua kitu ambacho huwatesa watu miezi mingi bila kukijua. Kuna njia mbili za kutuma ngazi za mwanga: kamili, kuanzia 0 hadi 255, na ile ya televisheni, kuanzia 16 hadi 235. Kompyuta ikituma ngazi za televisheni kwa skrini inayosubiri ngazi kamili, nyeusi inakuwa kijivu na picha nzima huonekana kama imefunikwa chandarua. Ikiwa ni kinyume chake, vivuli vyote humezwa na giza, na nguo nyeupe hupoteza mikunjo yake. Mpangilio huu upo kwenye programu ya kadi ya picha na mara nyingi kwenye menyu ya skrini pia. Chagua ngazi kamili pande zote mbili.

Mwangaza

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote, na kwa mwenye kamera hapahitaji kununua kitu. Mita ya mwanga iliyo ndani ya kamera inaweza kukupa makadirio mazuri ya kandela za skrini yako. Kamera za Canon na Nikon hutumia thamani ya 12.5 katika hesabu zake za mwanga, na kutokana na hesabu hizo hupatikana njia rahisi sana: ukiweka ISO 100 na f/4, namba ya chini ya sehemu ya shata ikizidishwa kwa mbili ndiyo idadi ya kandela. Shata ya 1/50 ni kandela 100, 1/60 ni 120, na 1/40 ni 80.

Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze skrini yote, uzime taa za chumba, na uweke kamera kwenye hali ya kujipangia mwenyewe kila kitu. Weka ISO 100, f/4 na 1/50. Zima fokasi ya kujiendesha na uiharibu fokasi kwa makusudi ili pikseli zisionekane, kisha isogeze kamera hadi weupe wa katikati ya skrini ujaze fremu nzima. Huna haja ya kupiga picha. Angalia tu mshale wa mita. Ukiwa upande wa kuzidi, punguza mwangaza kwa menyu ya skrini, si kwa kadi ya picha, hadi mshale usimame kwenye sifuri. Siku nilipoipima skrini yangu kwa mara ya kwanza ikiwa kwenye mwangaza wa 100, mshale haukufika sifuri mpaka nilipofika 1/160, yaani kandela 320 hivi. Ili kuurudisha kwenye 1/50 nililazimika kushusha mwangaza hadi 21.

Siku mbili za mwanzo utaona kama skrini imekufa. Vumilia, wala usiipandishe. Macho huzoea, na ukiona bado ni hafifu mno, punguza mwanga wa chumba badala ya kuongeza wa skrini. Asiye na kamera ashike karatasi nyeupe ya printa kando ya ukurasa mweupe wa skrini, chini ya taa anayotumia kukagulia kazi zilizochapwa, na ashushe mwangaza hadi skrini isionekane kuwa taa wala karatasi isionekane kuwa ya kijivu. Njia hii inategemea taa yenyewe, hivyo isiwe taa ya mezani yenye mwanga hafifu wa manjano.

Kontrasti iache kama ilivyotoka kiwandani, isipokuwa jaribio linalofuata likionyesha tatizo.

Weusi, weupe na gama

Tengeneza jaribio lako mwenyewe katika GIMP, ambayo ni ya bure. Kwenye mandhari nyeusi ya 0, chora miraba yenye thamani za 5, 10, 15 na 20. Kwenye mandhari nyeupe ya 255, chora miraba ya 250, 245 na 240. Taa zikiwa hafifu, mraba wa 10 uonekane kwa shida na wa 15 uonekane bila kutafutwa. Upande wa weupe, mraba wa 250 unapaswa kutambulika. Ikiwa miraba yote ya weupe imeyeyuka, kontrasti ya skrini imezidi. Ishushe hatua kwa hatua. Ikiwa miraba yote ya giza imemezwa, rudi kwenye suala la ngazi za HDMI kabla ya kugusa kitu kingine.

Kwa gama, chora eneo lenye mistari ya mlalo yenye unene wa pikseli moja, mmoja mweusi na mmoja mweupe, na katikati yake weka mraba wa kijivu wenye thamani ya 187. Itazame picha hiyo kwa ukubwa wa asilimia 100, huku ukuzaji wa mfumo wa kompyuta nao ukiwa asilimia 100, la sivyo mistari itachanganyika na jaribio halitakuwa na maana. Rudi nyuma mita mbili au ufumbe macho nusu. Mistari ikichanganyika machoni hutoa nusu ya mwanga wa nyeupe, na kwenye skrini ya sRGB kijivu cha 187 au 188 hutoa kiasi hichohicho, kwa hiyo mraba unapaswa kutoweka ndani ya mistari. Ukionekana mweusi kuliko mistari, gama imezidi. Ukionekana kung'aa zaidi, imepungua. Skrini nyingi zina chaguo la 1.8, 2.0, 2.2 na 2.4 kwenye menyu. Zisizo nalo, kwenye Windows andika dccw katika kisanduku cha kutafutia na ubonyeze Enter. Chombo kinachofunguka kitakuongoza kurekebisha gama kwa macho.

Weupe

Katika hatua hii usiyaamini macho yako. Macho hujizoesha na weupe wowote baada ya dakika chache, ndiyo sababu skrini yenye ubluu haionekani kuwa na ubluu mpaka uiweke kando ya nyingine. Asiye na kipima rangi achague hali ya skrini iliyoandikwa 6500K au sRGB, na aishie hapo. Hali ya sRGB mara nyingi ndiyo iliyorekebishwa vizuri zaidi kiwandani, ingawa baadhi ya skrini huifungia hata mwangaza ukiichagua. Ikiwa hivyo ndivyo na mwangaza ni mkubwa, bora kutumia 6500K.

Kipima rangi

Kipima rangi ni kifaa kidogo kinacholingana na kipanya, kinachopachikwa juu ya kioo na kusoma rangi ambazo programu inazionyesha. Calibrite na Datacolor ndio watengenezaji wanaojulikana. Bei yake humwelemea mtu mmoja, lakini kazi yake kwa kila skrini ni ya nusu saa mara moja kila mwezi au miwili, kwa hiyo wasanifu watano wanaweza kuchangiana kimoja bila kugombana. Kihifadhiwe kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu. Vichujio vya vifaa vya zamani vinaharibika kwa joto na unyevu, na hewa ya pwani ina vyote viwili.

Programu inayokuja na kifaa inatosha, lakini mimi hupendelea DisplayCAL inayotumia injini ya ArgyllCMS. Zote mbili ni za bure, na zinakuruhusu kuona kila namba. Chagua weupe wa D65, mwangaza wa kandela 100 na gama ya 2.2. Kabla ya kuanza, chagua aina ya taa ya nyuma ya skrini yako: skrini nyingi za kawaida ni za LED nyeupe, ilhali zile zenye rangi pana, yaani zinazoonyesha rangi nyingi kuliko za sRGB, zina LED za aina nyingine. Ukikosea hapo, kifaa kitasoma weupe vibaya kwa uhakika kabisa.

Programu itaanza kwa kukuonyesha mistari mitatu, nyekundu, kijani na bluu, na itakutaka uirekebishe kwa menyu ya skrini mpaka ilingane. Shusha ile iliyozidi. Usiipandishe iliyopungua, na angalau moja ibaki kwenye 100. Kwenye skrini yangu nyekundu ilibaki 100, kijani kikashuka hadi 96 na bluu hadi 91. Kazi hii ifanywe kwa vitufe kadiri inavyowezekana, kwa sababu kinachobaki hurekebishwa na kadi ya picha, ambayo mara nyingi ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Ikilazimika kushusha bluu kwa kiasi kikubwa, baadhi ya ngazi hupotea, na anga ya jioni iliyokuwa ikififia taratibu huanza kuonyesha mistari.

Baada ya hapo iache programu ipime vipande vya rangi bila kuigusa. Mwishoni chagua profaili ya aina ya matriki yenye mkunjo mmoja, ambayo programu nyingi huielewa bila matatizo, na uikubali isakinishwe.

Kuhakiki

Fanya upimaji wa uhakiki kwenye programu ileile. Tofauti ya rangi hutajwa kwa kipimo cha delta E: chini ya 1 jicho haliioni kwa kawaida, na wastani ulio chini ya 2 unafaa kwa kazi ya kulipwa. Tazama pia mteremko wa kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Usiwe na vipande vya uwaridi wala vya kijani.

Kumbuka kwamba si kila programu huisoma profaili. Eneokazi la Windows kwa kawaida haliisomi, na kwenye skrini ya rangi pana nyuso za watu hapo huonekana nyekundu kupita kiasi, ilhali kwenye Photoshop zimetulia. Iamini Photoshop. Wakati mwingine Windows hupoteza marekebisho ya kadi ya picha kompyuta inapoamka usingizini. DisplayCAL ina programu ndogo inayokaa karibu na saa ya kompyuta na kuyarudisha.

Mwisho kabisa, chapisha. Chagua picha moja yenye ngozi za watu wa rangi mbalimbali, nguo nyeupe, suti nyeusi na eneo la kijivu, uipeleke kwa mpiga chapa wako bila kumwambia arekebishe chochote, na uilinganishe na skrini chini ya taa nzuri. Mwombe pia profaili ya printa na karatasi yake. Ukiifungua ndani ya Photoshop au GIMP, utaona mapema rangi ambazo wino hauwezi kuzitoa. Bluu kolezi ya 0, 0, 255 ndiyo inayowaumiza wengi, kwani kwa wino wa CMYK, zile rangi nne za uchapaji, huangukia kwenye zambarau iliyofifia, na hakuna usawazishaji wa skrini utakaoizuia. Ikiwa mteja anaitaka bluu hiyo kwenye kadi, aambiwe kabla ya kulipa malipo ya awali.

Rudia upimaji kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Nyuma ya monita yangu kuna kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa selotepu, kimeandikwa mwangaza 21, nyekundu 100, kijani 96, bluu 91, pamoja na tarehe ya kipimo cha mwisho, na vitufe vya menyu vimefungwa. Nilivifunga baada ya mpwa wangu kuupandisha mwangaza hadi 100 ili atazame mpira, nami nikaja kugundua siku tatu baadaye, nikiwa nimeshamaliza kuhariri nusu ya picha za kitchen party.